Kasisi Mmoja, Makanisa Saba, Daftari Moja

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Port Victoria. Msemaji amekuwa mweka hazina wa kanisa kwa miaka mingi.)



Nimeombwa niseme juu ya kanisa na pesa. Najua mtu akisikia maneno hayo mawili pamoja, mkono wake huenda mfukoni kushika kilichomo. Leo msishike. Sikuleta kapu la sadaka. Nimeleta swali ambalo niliulizwa na mama mmoja anayeanika omena hapa Marenga. Alisema hivi: "Kasisi tunamwona Jumapili moja kwa mwezi. Lakini mgao wa dayosisi tunaulizwa kila mwezi. Je, tunalipia nini?"

Sikumkemea mama huyo. Swali lake ni la haki, tena ni swali ambalo kila mmoja wenu angeliuliza katika chama chake. Ukitoa shilingi mia kwenye chama, unauliza imekwenda wapi. Kwa nini ukitoa kanisani unyamaze?

KASISI ANATOKA WAPI?

Kwanza tuelewane jinsi tulivyopangwa. Kanisa lako la kijijini lina wazee wake na msomaji wake. Makanisa kadhaa yakikusanywa huitwa parishi, na parishi ndiyo hupewa kasisi. Juu ya parishi kuna dayosisi na askofu wake. Kila Jumapili ni msomaji anayeongoza ibada, anayezika, anayefundisha watoto. Lakini Meza ya Bwana ni kasisi tu awezaye kuiongoza. Basi kama parishi ina makanisa saba na kasisi ni mmoja, hesabu ni rahisi: atazunguka kwa zamu, na ninyi mtamwona mara chache. Haina maana kwamba amelala.

Na kasisi haokotwi njiani. Lazima aitwe, apimwe, asome miaka kadhaa, afanywe shemasi, kisha kasisi. Chuo cha Mtakatifu Paulo kule Limuru kilianza Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930, na tangu 2007 ni chuo kikuu. Kusoma huko kunalipiwa karo. Mtoto wa mvuvi akiitwa, nani atamlipia? Hapo ndipo sehemu ya mgao huenda. Nyingine huenda kwa ofisi ya askofu, kwa makasisi waliostaafu, na kwa parishi ambazo haziwezi kujilipia zenyewe. Hayo ndiyo niliyomjibu yule mama. Akaniambia, "Mbona hakuna aliyetuambia?" Hapo sikuwa na jibu.

HABARI YA ZAMANI KIDOGO

Wengine husema, "Zamani wazungu walilipa, sasa tumebebeshwa sisi." Hebu tuangalie.

Wazee wetu hapa walizaliwa Uganda bila kuhama nyumba. Mpaka mwaka 1902 upande wetu huu wote, hata kufika karibu na Naivasha, ulihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo serikali ya Waingereza ilisogeza mpaka. Kanisa halikusogea nao. Hadi mwaka 1921 Waanglikana wa Nyanza walikuwa bado chini ya askofu wa Uganda. Yule J. J. Willis aliyeanzisha Maseno mwaka 1906 ndiye aliyekuwa askofu wa Uganda kuanzia 1912.

Na kanisa la Uganda lilikuwa na desturi moja kali: walimu na makasisi wenyeji walilishwa na sadaka za wenyeji, siyo fedha za Uingereza. Wazo hilo lilitoka kwa Henry Venn, aliyekuwa katibu wa chama cha wamisionari cha CMS tangu 1841 hadi 1872. Yeye alitaka kanisa changa lifanye mambo matatu: lijitegemee, lijitawale, lijieneze. Kwa hiyo mwalimu aliyelipwa kwa kuku na mtama hakuwa ajabu. Kujitegemea si mzigo mpya uliotushukia jana.

Baadaye dayosisi zikagawanyika. Maseno iliundwa mwaka 1961, askofu wake akiwa Festo Olang', ambaye mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya. Mwaka huo huo wa 1970 Maseno ikagawanywa Kaskazini na Kusini. Nambale ikapata askofu wake mwaka 1987, na Katakwa, upande wa Wateso, mwaka 1991. Kila tulipogawanya tulifurahi, kwa sababu askofu alikaribia. Zamani kumwona askofu ilikuwa safari. Siku hizi unapanda matatu asubuhi na jioni uko nyumbani.

Lakini semeni kweli. Kugawanya dayosisi ni kama kijana kuoa na kujenga boma lake. Anapata uhuru, na anapata pia gharama ya chumvi. Ofisi mpya, gari jipya, karani mpya, na waumini ni wale wale. Tulipiga vigelegele vya boma jipya, tukasahau chumvi.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Sasa niwaambie jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema.

Nilikuwa mweka hazina katika kanisa ambalo sitalitaja. Siku moja alikuja mheshimiwa na harambee. Alitoa bahasha mbele ya watu wote, akaahidi mabati ya kanisa zima. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Jumapili iliyofuata sadaka ilipungua. Iliyofuata ikapungua tena. Watu walisema, "Si mheshimiwa atamalizia?" Mabati hayakuja. Sadaka nayo haikurudi pale ilipokuwa. Mgao ukalala, na mshahara wa kasisi ukalala nao, miezi mitatu.

Na mimi je? Mimi niliacha kusoma hesabu kanisani. Niliona aibu. Nilijiambia, "Nitasoma mwezi ujao mambo yakiwa mazuri." Watu walipoona hesabu hazisomwi, walidhani tumekula. Wakazidi kufunga mikono. Hatukuwa tumekula hata senti, lakini nani angejua? Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina zuri nalo hupotea hivyo hivyo.

Nilikuja kujua ubaya wa jambo hilo siku jirani yangu aliponinong'oneza kwamba mke wa kasisi amekuja kwake kuomba gorogoro moja ya unga. Mara ya pili wiki ile. Mume wake Jumapili alikuwa ametupa mkate wa Meza ya Bwana kwa mikono yake, na nyumbani kwake sufuria ilikuwa imelala kifudifudi. Hakusema neno madhabahuni. Sisi tulikuwa tukilalamika kwamba siku hizi hahubiri kwa nguvu.

Tangu siku hiyo sijawahi kuficha daftari.

Kwa hiyo nilifurahi mwezi wa Septemba 2021, kule Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana katika Kenya. Wanasiasa wakubwa walikuwapo, na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit hakuwapa nafasi ya kuhutubia ibada. Wenzetu Wakatoliki nao, Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto zirudishwe, zikiwamo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri. Wakubwa wamesema lao. Lakini anayekataa bahasha lazima awe na kapu linalojaa. Vinginevyo ataikataa asubuhi na kuifuata usiku.

HESABU YA SHILINGI KUMI NA SABA

Tufanye hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, kila parishi itaweka tarakimu zake.

Tuseme mshahara wa kasisi, mafuta ya pikipiki yake na mgao wa dayosisi vyote ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Makanisa ni saba: kila kanisa 5,000. Kanisa likiwa na watu wazima 50, kila mtu ni shilingi 100 kwa mwezi. Ni shilingi 25 kila Jumapili. Hapo hakuna anayelia.

Shida yetu ya ziwani ni kwamba pesa yetu haina mwezi. Mtumishi wa forodha Malaba hulipwa tarehe yake. Sisi tunalipwa na maji. Omena ikifungwa ili izaane, mifuko inafungwa nayo. Nzoia ikivunja kingo, mtu yuko kambini na kuku wake, utamwomba sadaka gani? Mnakumbuka mwaka 2020 ziwa lilivyopanda likaingia majumbani.

Basi tuseme katika mwaka kuna miezi mitatu mibaya ambayo tunapata nusu tu. Tutapungukiwa 17,500 kila mwezi, yaani 52,500 kwa miezi yote mitatu. Je, ni nyingi? Zigawe kwa ile miezi tisa mizuri, kwa makanisa saba, kwa watu 50 kila kanisa. Unapata kama shilingi 17 kwa mtu kwa mwezi. Jamani, kumi na saba! Mke wa kasisi aliomba unga kwa sababu hakuna aliyekaa chini akahesabu shilingi kumi na saba.

Nanyi mnajua kufanya hivyo. Chama gani hapa hakiweki kitu kando cha msiba? Sanduku lenu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kitabu kinasomwa kila mkutano, na asiyejua kusoma anakumbuka kwa kichwa. Kisha mtu yule yule, Jumapili anaingia kanisani na kuacha akili hiyo mlangoni pamoja na viatu vya matope.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

La kwanza, hesabu zisomwe kila mwezi, hata zikiwa mbaya. Hasa zikiwa mbaya. Na zibandikwe mlangoni. Mnada baada ya ibada nao uandikwe: kuku amenunuliwa na nani, kwa bei gani, na amelipa au ni deni. Tumeona jogoo mzima akienda kwa mzee wa kanisa kwa bei ya kifaranga.

La pili, parishi iwe na akiba ya miezi mibaya, na isiguswe kwa harusi wala kwa kumpokea mgeni.

La tatu, tuwatunze wasomaji. Ndio wanaobeba kanisa Jumapili tatu kati ya nne, na wengi hawapati hata nauli ya bodaboda. Msomaji akipewa baiskeli na mafundisho, makanisa saba hayatakuwa yatima kasisi akiwa kwingine. Na tukitafuta wa kuwatuma kusoma, tusiwaruke mabinti zetu. Lucia Okuthe aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1983, hapa hapa upande wa ziwa, na askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini.

La nne, tuchague vizuri wanaotuwakilisha. Sinodi si ya makasisi peke yao, ina walei tuliowachagua sisi. Mkiona mgao umezidi nguvu zenu, mtumeni mjumbe na daftari mkononi, aonyeshe ziwa limetoa nini na mafuriko yamechukua nini. Asiyelipa na akanyamaza huonekana mkaidi. Anayeleta hesabu husikilizwa.

Wapo wanaosema kila parishi ijilipie kasisi wake na isitoe chochote kwa dayosisi. Nawaelewa. Lakini fikirini: parishi ya mjini itamchukua kasisi mwenye elimu na uzoefu, na sisi wa matope tutabaki na atakayekubali njaa. Mfuko wa pamoja ndio unaomfikisha kasisi mzuri Port Victoria. Tuulinde, na tuudai hesabu. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Namaliza. Yule mama wa omena sasa ni mkaguzi wa hesabu katika kanisa lake. Alimaliza darasa la nne tu, lakini juzi alimrudisha mweka hazina nyumbani kutafuta risiti ya shilingi 150. Aliporudi nayo, watu walipiga makofi, na siku hiyo kapu lilijaa.

 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika kanisa lenu, hesabu zilisomwa mara ya mwisho lini? Nani alizisoma?
2. Miezi yenu mibaya ni ipi? Mnaweka nini kando kwa ajili yake?
3. Msomaji wenu anasaidiwaje?
4. Kuna sheria gani nzuri katika chama chenu ambayo kanisa lenu halina? Nani ataipeleka kwenye baraza la parishi?