Mama Muuguzi Anapokwenda Chuo Kikuu

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)

  

Leo nataka tuzungumze juu ya mtu mzima anayekwenda kusoma shahada ya uuguzi chuo kikuu. Najua mtu atauliza, "Mwalimu, sisi juzi tu tumemaliza kujifunza kusoma na kuandika. Chuo kikuu kinatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa mfano.

Mfano wenyewe

Tuchukue mama mmoja. Ana miaka 34. Ana watoto watatu. Ni muuguzi mwenye stashahada katika kituo cha afya. Mumewe analima mahindi na viazi. Mama huyu ameomba nafasi chuo kikuu na amekubaliwa. Masomo ni miaka 4. Barua iko mezani, na ukoo umekaa kikao.

Mume anasema, "Watoto nitabaki nao mimi na nani?" Mama mkwe anasema, "Kazi anayo, mshahara anao. Sasa anatafuta nini?" Mwenyekiti wa kijiji anasema, "Akiondoka, akina mama wetu watazalishwa na nani?"

Ndugu zangu, maneno hayo yote matatu yana uzito. Tusiyacheke. Tuyapime moja moja. Kwanza lakini tuelewe mama huyu anakwenda kusoma nini.

Uuguzi una ngazi

Katika nchi yetu uuguzi husomwa kwa ngazi. Kuna cheti, kuna stashahada, na kuna shahada. Cheti na stashahada husomwa katika vyuo vya uuguzi. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini tunavyo vyuo hivyo, kwa mfano Ilula na Tosamaganga mkoani Iringa. Shahada husomwa chuo kikuu. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, shahada ya uuguzi ilianza kufundishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi inafundishwa pia Dodoma, Moshi na Mwanza. Kwa mtu wa Mbeya au Iringa, basi, mara nyingi shahada hii ni safari ya mbali. Kutoka Mbeya mjini hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800.

Huko mwanafunzi hujifunza maumbile ya mwili na jinsi mwili unavyofanya kazi. Hujifunza dawa, ukunga, uuguzi wa watoto, wagonjwa wa akili, afya ya jamii, uongozi na utafiti. Hujifunza pia uuguzi wa watu wazima. Hapo msichanganye mambo. Uuguzi wa watu wazima maana yake ni kumwuguza mtu aliyekwisha kua, mwenye kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, moyo, au aliyepasuliwa. Uingereza kwa kawaida mwanafunzi huchagua tawi lake tangu mwanzo, kwa mfano watu wazima, watoto, au wagonjwa wa akili. Kwetu muuguzi husoma yote, kwa sababu kijijini wagonjwa wote hupita mlango mmoja.

Na watu wazima wa mikoa yetu wanahitaji uuguzi mzuri. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 15 na zaidi, watu kama 11 mkoani Iringa na kama 9 mkoani Mbeya walikuwa na virusi vya UKIMWI. Watu hao wanaishi miaka mingi kwa dawa. Mtu anayeishi na ugonjwa miaka 20 anahitaji muuguzi wa kumfuatilia, kumfundisha na kumtia moyo.

Shahada inaongeza nini?

Sasa tumjibu mama mkwe. Anauliza, mama huyu anatafuta nini?

Chukua mgonjwa wa kiharusi. Amelala kitandani, hawezi kujigeuza. Uzito wa mwili unakandamiza ngozi ya kiunoni na kisiginoni. Damu haifiki hapo, nyama inakufa, na kidonda kinatokea. Ndicho kidonda cha kulalia. Kila muuguzi anajua kwamba mgonjwa huyu ageuzwe mara kwa mara. Aliyesoma shahada anafundishwa kwenda hatua nyingine mbele. Anahesabu katika wodi yake: mwezi huu wagonjwa wangapi wamepata vidonda hivyo? Vimetokea usiku au mchana? Je, zamu ya usiku ina wauguzi wangapi? Halafu anabadili utaratibu, anawafundisha wenzake na ndugu wa mgonjwa, kisha anahesabu tena aone kama vidonda vimepungua.

Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi katika hospitali za nchi 9 za Ulaya, kwa wagonjwa waliopasuliwa. Ilionekana kwamba hospitali zilizokuwa na wauguzi 10 zaidi wenye shahada katika kila wauguzi 100, hatari ya mgonjwa kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 7. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha jambo la pili. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kuhudumia, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 7.

Hizo ni hospitali za Ulaya, na hali yetu si kama yao. Ila fundisho tunaliona. Elimu ya muuguzi inaokoa watu. Na idadi ya wauguzi inaokoa watu vilevile. Kwa hiyo mama mkwe amepata jibu, na mwenyekiti naye ameonekana hakusema ovyo.

Hofu ya mwenyekiti

Kama kituo kina wauguzi wawili na mmoja anaondoka miaka 4, yule aliyebaki atachoka, na wagonjwa wataumia. Dawa ya jambo hili ni mipango. Kumzuia mama asisome hakumwongezei kijiji muuguzi hata mmoja. Serikali ya kijiji na kamati ya afya ya kituo zikae mapema. Ziandike barua kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, zieleze siku ambayo muuguzi ataondoka, na ziombe mtu wa kushika nafasi yake kabla ya siku hiyo. Barua iwe na tarehe, na nakala ibaki ofisini. Haya, nani wa kuiandika na kuisoma barua hiyo kwenye mkutano? Ni ninyi. Hapo ndipo kisomo chenu kinapogusa chuo kikuu.

Naye mama asiondoke kimyakimya. Mtumishi wa serikali anayetaka kusoma lazima apate ruhusa ya masomo kwa maandishi. Akiipata kwa utaratibu, huendelea na mshahara wake. Akiondoka bila ruhusa, anahesabiwa mtoro na anaweza kupoteza kazi.

Hofu ya mume

Tuje kwa mume. Huyu anabaki na watoto, shamba na mzigo wa fedha. Chuo kinataka ada. Mwanafunzi anataka chumba, chakula, vitabu, sare na nauli. Fedha hizi zihesabiwe kwa mwaka mzima na ziandikwe kwenye daftari, upande mmoja yanayoingia, upande mwingine yanayotoka. Msiseme tu, "Tutauza viazi." Bei ya viazi hupanda na kushuka, lakini tarehe ya ada haimngojei mkulima.

Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo wake una masharti, yakiwamo ya umri, na masharti hutangazwa kila mwaka. Yasomeni kabla ya kuutegemea. Na mkopo ni deni, utalipwa.

Kuhusu watoto, nasema wazi hata kama baadhi ya wanaume watanuna. Mume akienda kusoma, mke hubaki na watoto na hakuna kikao kinachoitwa. Basi mke akienda, mume naye anaweza kubaki. Apike, afue, aende kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Bibi na shangazi wasaidie. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena uuguzi si kazi ya wanawake peke yao. Wanaume wauguzi wapo wengi, na siku moja kikao kama hiki kitamhusu kijana wenu wa kiume.

Je, na mimi naweza?

Wapo vijana katika vikundi vyetu wanaoniuliza kama mtu aliyeanzia kwenye kisomo anaweza kufika huko. Nitawaambia ukweli. Njia ipo, lakini ni ndefu.

Kwanza ni masomo ya sekondari kwa watu wazima, yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Asiyepita sekondari ya kawaida hufanya Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne. Pili, ili aingie chuo cha uuguzi, afaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Kwa hiyo tafuteni kituo chenye maabara. Tatu ni stashahada, miaka 3. Nne ni kazi. Tano, mwenye stashahada yenye alama nzuri huweza kuomba shahada, miaka 4. Ukijumlisha ni miaka zaidi ya 9. Na masomo ya juu ni kwa Kiingereza, hivyo Kiingereza kianze kusomwa mapema.

Si kila mmoja atafika mwisho, na kila ngazi ina kazi yake ya heshima. Muuguzi wa cheti anayejua kazi yake ni hazina ya kijiji.

Jihadharini pia na matapeli. Mtu akikwambia, "Nipe laki mbili nikupatie nafasi ya chuo," mkimbie. Siku hizi maombi hutumwa kwa kompyuta au simu, na chuo chenyewe hutoa namba ya malipo. Vyuo vikuu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Na hakuna muuguzi anayeruhusiwa kufanya kazi bila leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga.

Jambo hili si geni kwetu

Wazee watakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza. Sharti hilo lililegezwa baadaye, lakini wazo lake lina maana hata leo: mtu mzima aliyefanya kazi anakwenda darasani na maswali ya kweli. Mama wa mfano wetu ameshika mikono ya watu wakiwa wanakufa. Mwalimu akisema "shinikizo la damu", yeye anaona sura ya mtu anayemfahamu. Huyo atasoma kwa bidii.

Ndugu wananchi, kikao cha ukoo wa mama huyu bado hakijaisha. Nimekiacha hivyo makusudi. Kimalizeni ninyi katika vikundi vyenu. Jadilianeni maswali haya:

1. Kama ungekuwa mume wa mama huyu, ungesema nini? Ungehitaji msaada gani, na kutoka kwa nani?

2. Kituo cha afya au zahanati yenu ina wauguzi wangapi? Mmoja akiondoka leo kwenda kusoma, nani atashika zamu yake?

3. Andikeni barua fupi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri kuomba muuguzi wa kushika nafasi. Isomeni kwa sauti, kisha isahihisheni pamoja.

 Elimu haina mwisho.