Mwizi anakimbia, mwenye motoka analala kasho



Sisi wengi hapa tuko na diploma, kazi hatuna. Munajua vile tunaishi: huyu anaendesha piki ya yaya yake, ule anafanya takisi na motoka ya muyomba, jioni anamupelekea falanga zake. Kwa hiyo mambo ya leo si ya matajiri. Ni yetu.

Jirani yetu mmoja hapa Lubumbashi, baba ya watoto, aliibiwa motoka usiku. Aliifunga vizuri mbele ya nyumba, ufunguo ulikuwa chini ya muto wake. Asubuhi anasikia motoka imegonga mama mmoja muuza mikate. Mwizi alikimbia, motoka ilibaki pale pale na plaki yake. Baba akajipeleka mwenyewe kwa polisi: «Motoka ni yangu, waliniibia.» Wakamuweka kasho. Siku ine. Alitoka wakati familia ilichanga falanga, na hakuna karatasi waliyopewa. Na ule mama? Mguu ulivunjika, hospitali inamudai, hakuna aliyemulipa hata moja.

Mu kartye watu wakagawanyika. Wamoja: «Motoka ni yake, alipe!» Wengine: «Ni yeye waliibia, munamutafutia nini?» Sisi tuliketi na sheria, tukaona pande zote mbili wanachanganya mambo mawili: kasho na malipo.

Tuanze na kasho. Katiba yetu ya 2006, kifungu 17, inasema kosa la jinai ni la mtu binafsi. Hakuna mtu wa kufuatiliwa, kukamatwa, kufungwa ao kuhukumiwa juu ya tendo la mwingine. Kifungu 18 kinasema polisi haiwezi kumuchunga mtu kupita saa 48: ni kumuachilia ao kumupeleka mbele ya sheria. Na akiwa pale, ana haki ya kuongea na familia yake ao avoka wake. Kumuita mwenye motoka na kumuuliza maswali, sawa. Kumufungia siku ine juu mwizi hakuonekana, hapana. Plaki si mtu. Plaki haikushika usukani.

Sasa malipo. Hapa sheria ni ya zamani: kitabu cha tatu cha kode sivile, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Léopold II. Kifungu 258 kinasema mwenye kosa lililoumiza mwingine anapaswa kulipa. 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. 260 kinasema unajibu pia juu ya vitu unavyochunga. Basi neno kubwa ni hili: kuchunga. Motoka ikiibiwa, ni nani anaichunga?

Maneno ya 260 yalitoka katika kode ya Napoléon, na Ufaransa walishaulizana swali hili hili. Mu muji wa Nancy, usiku wa Noeli 1929, motoka ya munganga mmoja, bwana Franck, iliibiwa, ikaua mutu wa posta. Kesi ilizunguka miaka mingi. Tarehe 2 Desemba 1941 korti kubwa ya Paris ikasema: mwenye kuibiwa hana tena matumizi ya motoka, haiongozi, haitawali, kwa hiyo si yeye anayeichunga. Hukumu ile haifungi majaji wetu, lakini avoka anaweza kuileta kama hoja, juu mashina ya sheria ni mamoja.

Lakini tusidanganyane. Ukiacha motoka inanguruma mbele ya baa, ufunguo ndani, unaingia kunywa moja, 258 na 259 vinakungojea. Hapo jaji anaweza kuuliza: uzembe wako ndio ulifungulia mwizi mlango? Baba jirani alifunga. Wewe, unafunga?

Na ule mama? Kusema tu «mwenye motoka hana kosa» hakumunyooshi mguu. Njo maana kuna asiransi. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ni lazima kwa kila motoka. Lakini tunailipa namna gani? Tunatafuta karatasi ya kuonyesha polisi kwa barabara, basi. Hakuna anayesoma ndani. Ufaransa, asiransi ya motoka inamulipa aliyegongwa hata kama dereva alikuwa mwizi, kisha inamugeukia mwizi. Ubelgiji kuna mfuko wa pamoja kwa watu wa namna ile. Kwetu, tangu sheria ya tarehe 17 Machi 2015, SONAS haiko tena peke yake. Makampuni yameongezeka. Basi tuyaulize kwa sauti: motoka ikiibiwa na kugonga mtu, munamulipa ao hapana? Mutuonyeshe mustari.

Tunaomba mambo matatu. Parke ipitie makasho, imutoe kila anayefungwa juu ya tendo la mwingine. Polisi impe karatasi, yenye saa na tarehe, kila anayekuja kusema ameibiwa. Na serikali iweke wazi nani anamulipa aliyegongwa na motoka ya wizi.

Na sisi vijana: funga, toa ufunguo. Ukiibiwa, usingoje asubuhi. Kimbia kusema saa ile ile, karatasi ichunge kama diploma yako. Ukinunua piki, badilisha jina kwenye makaratasi, usibaki na plaki ya mutu mwingine. Na wakikufunga, hesabu saa. Ikifika 48, sisi tuko mbele ya mulango.

Kesho tunaenda kumuona ule mama. Mwenye kuweza, aje.