Mbegu ya Mchikichi: Ipi Ihifadhiwe, Ipi Isipandwe

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ilagala)



Michikichi mingi ya asili katika mwambao wa Kigoma ni dura: ganda lake nene, nyama yake haba. Wazee walichagua mti uzaao vizuri, wakapanda kokwa zake na kuwagawia majirani. Kwa kuwa chavua hubebwa na upepo na wadudu kutoka mti hadi mti, miche ya mama mmoja haikufanana. Ndiyo maana shamba la kale lina michikichi ya tabia nyingi. Wingi huo wa tabia ni akiba.

Tenera, yenye ganda jembamba na mawese mengi, ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda. Siri hiyo ilibainishwa mwaka 1941 na Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Yangambi, Kongo. Siku hizi kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, mkoani Kigoma, huzalisha mbegu za tenera.

Hapo ndipo penye hatari. Wahenga walisema apandacho mtu ndicho avunacho. Kwa tenera msemo huo haushiki. Kokwa za tenera iliyochavushwa na dura hutoa, kwa wastani, nusu dura na nusu tenera. Ikichavushwa na tenera nyingine, katika miche minne mmoja huwa dura, miwili tenera, na mmoja pisifera, ambayo kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Kitaluni, miche hiyo haitofautiki kwa macho. Mkulima hugundua baada ya miaka mitatu au minne, ilhali mchikichi hukaa shambani zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hiyo yafaa vyama vifanye mambo matatu. Kwanza, katibu aandike daftarini kila mche umetoka wapi, ndipo ugawiwe. Pili, kokwa za tenera zikamuliwe, zisipandwe. Mbegu za tenera zitoke kwa mzalishaji anayetambuliwa. Tatu, dura zisifyekwe zote. Zile zizaazo vizuri ziwekewe alama, na mbegu zake ziendelee kuhifadhiwa na kugawanwa kama zamani.

Dura ndiye mama wa tenera. Mama akitoweka, mtoto atazaliwa na nani?