Kabla ya Kununua Bajaji ya Umeme Iliyotumika

Ndugu wananchi wa Kyela, rangi ya bajaji hupakwa upya kwa siku moja. Uchovu wa betri haufichiki kwa rangi. Betri ndiyo sehemu ghali: ikifa, akiba ya mavuno ya kokoa hufa nayo. Takeni ichajiwe hadi ijae, pakieni mzigo, kisha iendesheni mpaka Ipinda na kurudi, mkiangalia chaji inavyoshuka. Betri ya risasi ya volti 12, ikijaa na kupumzishwa, huonyesha takriban volti 12.6. Kagueni kutu kwenye nyaya, kwani bonde letu hufurika. Linganisheni namba ya chasisi na kadi, daini risiti, mkabadilishe umiliki TRA. Muuzaji akikataa majaribio, ondokeni.