Usukani Unapotikisika: Maneno kwa Wenye Pikipiki za Zamani

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya waendesha pikipiki wa Malindi na Kilifi.)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya jambo moja ambalo wengi wenu mmelisikia na wengine limewapata, lakini ni wachache wapendao kulisimulia, kwa kuwa aliyepatwa nalo huona haya kidogo. Ni ile hali ya pikipiki kutikisa kichwa ikiwa katika mwendo wa kasi. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Lakini ninayo BSA kuukuu ya sentimita za ujazo 350 niliyorithi kwa mjomba wangu, nayo ndiyo iliyonipa somo hili.

Siku moja nilikuwa nikitoka Kilifi kwenda Malindi. Nyuma yangu alikaa mdogo wangu, na nyuma yake, juu ya keria, tulikuwa tumefunga gunia la nazi. Tulipokwisha kupita Matsangoni, barabara ikanyooka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nami nikaongeza moto mpaka mshale ukafika maili 55, yaani karibu kilometa 90 kwa saa. Gurudumu la mbele likapita juu ya kiraka cha lami. Mara usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu kama mtu mwenye homa, na kabla sijajua la kufanya ukawa unatupwa kushoto na kulia kwa nguvu zilizozishinda zangu. Nikaukaza mikono; ukazidi. Nikataka kufunga breki, lakini vidole vyangu vilikuwa vimeganda juu ya usukani, na baadaye nilipata kujua ya kuwa kuganda kule ndiko kulikotuokoa. Moto ulipopungua, mwendo nao ukapungua, na tulipofika kama maili 35 tetemeko likakoma lenyewe, kana kwamba halikuwako. Mdogo wangu alishuka, akalifungua gunia, akaketi juu yake kando ya barabara, akasema kwamba Gede si mbali, atakwenda kwa miguu.

Sasa, jambo hili ni nini hasa? Mmeviona vile vigurudumu vidogo vya vitoroli vya madukani. Kigurudumu hufuata nyuma ya chuma kinachokishika, na kwa sababu hiyo hujinyosha chenyewe kila kitoroli kisukumwapo. Gurudumu la mbele la pikipiki ni hivyo hivyo. Linashikwa na uma, ambao mafundi huuita foki, na foki huzunguka katika shingo ya fremu. Nalo hugusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa shingo ungeigusa kama ungerefushwa. Likipigwa na jiwe au kiraka, hurudi katikati. Lakini halisimami pale: hupita, likarudi tena, likapita tena, mfano wa pembea. Katika mwendo wa polepole pembea hiyo hufa upesi. Mwendo ukizidi kiasi fulani, mwendo wenyewe huilisha nguvu, na badala ya kufa hukua. Vitoroli navyo hufanya vivyo hivyo ukivisukuma mbio. Kigurudumu kimoja hupepesuka kama mkia wa samaki. Katika pikipiki usukani huweza kwenda na kurudi mara 6 hadi 10 katika sekunde moja, na hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kufuata upesi huo. Ndiyo maana mtu anayepigana nao huwa amechelewa kila mara, na pengine huusukuma upande ule ule unaokwenda.

Kuna na ugonjwa wa pili, nao ni nduguye. Huu hauanzii usukanini. Mwili mzima wa pikipiki huyumba kwa upole, nyuma ikienda huku na mbele ikienda kule, mara 2 hadi 4 katika sekunde, kama jahazi lililopakiwa vibaya. Huonekana zaidi katika kasi kubwa, katika kona ndefu, au upepo wa kusi unapokupiga ubavuni juu ya daraja la Kilifi.

Wenye elimu ya hesabu walianza zamani kuyachungua mambo haya. Mwingereza F. J. W. Whipple aliandika hesabu za kusimama kwa baiskeli mwaka 1899, na mwaka 1971 R. S. Sharp akaeleza kwa hesabu tikisiko na yumbo la pikipiki, kila moja na tabia yake. Watengenezaji nao hawakungoja hesabu. Rex McCandless wa Belfast aliiundia kampuni ya Norton fremu mpya ya mirija iliyochomelewa, na mwaka 1950 Geoff Duke akashinda nayo mashindano ya Senior TT katika Kisiwa cha Man. Harold Daniell, naye mwendeshaji wa Norton, alisema kuipanda ni kama kulala juu ya kitanda cha manyoya, na jina hilo la Featherbed likabaki. Neno hilo linafundisha kitu juu ya fremu zilizoitangulia.

Pikipiki ya mjomba haikuwa na fremu ya namna hiyo. Gurudumu lake la nyuma limeshikwa na springi fupi, moja kila upande, na zikilika kwa kutolingana gurudumu hulala. Nilimwuliza mjomba kama aliwahi kupatwa na tetemeko. Akasema hapana, hata mara moja. Nilidhani ni majivuno ya wazee, lakini nilipofikiri nikaona alisema kweli. Yeye aliendesha katika vumbi na makorongo, na alipofika Kilifi alisimama kungoja kivuko, kwa kuwa daraja lilifunguliwa mwaka 1991 tu. Hakupata nafasi ya kufika maili 55. Sisi tumepewa lami na daraja, tukaziendesha pikipiki zilezile, zikiwa na umri wa babu zetu, kwa mwendo ambao ugonjwa wao hujitokeza.

Fundi mmoja wa Malindi aliifungua shingo mbele ya macho yangu. Ndani mna gololi zinazozunguka katika vikombe vya chuma. Grisi ilikuwa imekauka ikawa kama masizi. Gololi mbili zilikuwa zimepasuka, na vikombe vilikuwa na vishimo mahali gololi zilipopigwa miaka mingi. Kutu ilikuwa imekula upande mmoja. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na anayepita kila siku karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni ajue kwamba chuma chake kinazeeka upesi kuliko cha mtu wa bara. Sitamtaja aliyekuwa ameitengeneza kabla ya hapo, akaikaza nati ya juu ili isilie, bila kutazama ndani.

Ugonjwa huu unaweza kuutafuta kwa mikono mitupu. Simamisha pikipiki juu ya stendi, gurudumu la mbele likiwa hewani. Shika foki kwa chini, uvute na kusukuma. Ukisikia kugonga, shingo imelegea. Kisha geuza usukani taratibu kwa kidole: ukinata katikati kana kwamba umeingia shimoni, vikombe vimekwisha, na kukaza nati hakutasaidia. Nati iliyokazwa kupita kiasi nayo ni mbaya, kwa kuwa pikipiki isiyoweza kujinyosha huyumba. Vivyo hivyo ile parafujo kubwa yenye kichwa cheusi juu ya shingo, iliyowekwa kuuzuia usukani usitikisike: wengi huikaza mpaka mwisho, wakashangaa kuona chombo kinatangatanga kikienda polepole. Nyuma, sukuma gurudumu ubavuni ujue kama linacheza. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyolegea hulia sauti nzito. Nyosha kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele uone kama yako katika mstari mmoja. Na upepo wa tairi upimwe kwa kipimo, si kwa kupiga teke.

Juu ya mzigo nataka kusema zaidi, maana hapa hata mwenye pikipiki mpya ahusika. Mzigo uliofungwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma huinua mbele, kama mtu akandamizaye ncha ya ubao. Gurudumu la mbele likawa jepesi, na gurudumu jepesi hutikisika kwa sababu ndogo. Nimewaona watu wakitoka Kaloleni na mitungi minne ya tembo ya lita 20, yaani kilo zipatazo 80, yote ikining'inia nyuma, na tembo likicheza ndani. (Juu ya tembo lenyewe sina neno.) Mzigo wa namna hiyo ugawanywe, uletwe mbele karibu na mwendeshaji, ushuke chini kadiri iwezekanavyo, na mwendo upunguzwe.

Na tetemeko likikupata njiani? Usifunge breki ya mbele kwa ghafula, na usiukaze usukani. Bana tangi kwa magoti, inama mbele uzito wako uelekee gurudumu la mbele, legeza viwiko, uachie moto polepole. Wako wasemao uongeze moto ili mbele inyanyuke. Huenda wengine wameokoka hivyo, lakini mimi sikushauri, kwa kuwa isiposaidia utakuwa umepata tetemeko lile lile katika kasi kubwa zaidi.

BSA sasa ina gololi mpya, na gunia la nazi linapanda matatu. Mdogo wangu alikubali kupanda tena baada ya miezi miwili, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe avute foki kabla hatujaondoka, naye huivuta kila mara.