Safari Yetu ya Kasubi, Penye Makaburi ya Wafalme

Jioni hii twataka kuwasimulieni habari za safari yetu ya Kasubi katika nchi ya Buganda, mahali walipozikwa wafalme wanne, na sababu iliyotupeleka huko.

Sababu yenyewe ilianzia darasani. Tulikuwa tukisoma habari za nchi ya Japani na dini yake ya asili iitwayo Shinto. Mahali patakatifu kuliko pote katika dini hiyo ni Ise, ambapo huheshimiwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Mtu aendaye kuzuru huvuka daraja, hunawa mikono na kusukutua kinywa, kisha hupita kati ya miti mirefu hata afike mbele ya ua wa mbao. Hapo pazia jeupe humzuia macho, wala haruhusiwi kuingia. Nyumba iliyo ndani ni ya mbao za hinoki, mti ulio wa jamii moja na mtarakwa wa milima yetu, nayo imeezekwa kwa nyasi. Kando yake kipo kiwanja kingine kitupu. Kila baada ya miaka 20 hujengwa juu ya kiwanja hicho nyumba mpya, iliyo mfano kamili wa ile ya zamani. Ndipo ya zamani huvunjwa. Desturi hii ilianza mwaka 690. Zamani za vita ilikatika kwa zaidi ya miaka 100, kisha ikafufuliwa, na mwaka 2013 nyumba ilijengwa kwa mara ya 62.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, nyumba inayovunjwa kila miaka 20 yawezaje kuitwa ya kale?" Tulijaribu kumjibu, lakini jibu letu halikumridhisha, wala halikuturidhisha sisi wenyewe. Japani ni mbali. Kasubi si mbali sana. Basi tukakata shauri kwenda.

Tuliondoka Nyahanga alfajiri kwa gari, tukashika njia ya Ushirombo na Biharamulo hata Bukoba. Tukavuka mpaka wa Mutukula, tukapita Masaka, tukafika Kampala tumechoka na kujaa vumbi. Siku ya pili tulikwenda Namugongo kusali, na siku ya tatu tukapanda kilima cha Kasubi.

Hapo Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga ikulu yake mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa papo hapo. Kwa desturi ya kale kila Kabaka alikuwa na kaburi mahali pake peke yake. Lakini mwanawe, mjukuu wake na kitukuu wake waliletwa wakalazwa pamoja naye. Mwana ni Mwanga, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mwili wake kurudishwa mwaka 1910. Mjukuu ni Daudi Chwa, aliyefariki mwaka 1939. Kitukuu ni Mutesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969, akarudishwa mwaka 1971.

Tulipofika langoni, kijana mmoja akasimama, akakataa kuingia. Akasema, "Jana tulipiga magoti Namugongo, walipochomwa moto Charles Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni 1886. Aliyetoa amri ni Mwanga. Leo mwatutaka tumpe heshima yeye?"

Twakiri kwamba sisi walimu hatukuwa na neno moja. Mmoja wetu alisema kijana ana haki. Mwingine alisema kwamba kuingia kwa adabu nyumbani mwa watu si kuabudu. Tena mashahidi wale walikuwa vijana wa baraza la mfalme huyo huyo, na Mwanga mwenyewe alibatizwa huko uhamishoni kabla ya kufa. Mtu ajuaye habari za Namugongo asijue za Kasubi amesoma nusu ya kitabu. Kijana alisikiliza, lakini hakuingia. Nasi hatukumlazimisha, maana dhamiri ya mtu haivutwi kwa kamba.

Sisi wengine tuliingia uani, tukasimama mbele ya nyumba kubwa, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Ni ya mviringo, na paa lake la nyasi lashuka karibu kugusa ardhi. Upana wake ni kama mita 31. Dari yake ina duara 52, kila moja ishara ya ukoo mmoja wa Buganda. Makaburi yamefichwa nyuma ya pazia la magome ya mti, na mahali pale huitwa msitu, kwa kuwa wenyeji husema kwamba mfalme hafi, bali huenda msituni. Tukakumbuka lile pazia jeupe la Ise.

Lakini jambo lililotushika zaidi ni hili. Nyumba tuliyoitazama si ile iliyowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Ile iliteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Watu walilia kama waliofiwa. Kisha wakaanza kuijenga tena, na kazi ikachukua zaidi ya miaka 10. Serikali ya Japani ilisaidia kwa fedha na wataalamu, hasa katika elimu ya kujikinga na moto. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, waezekaji wa nyumba za Kabaka tangu zamani. Mwezi wa Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali la darasani. Nyasi huoza na miti huungua, huko Ise na huko Kasubi pia. Kilicho cha kale ni ujuzi uliomo mikononi mwa watu. Lau moto ungaliwakuta waezekaji wamekwisha kufa bila kufundisha wana wao, fedha za dunia nzima zisingaliirudisha nyumba ile.

Njiani kurudi, yule kijana aliyebaki langoni ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote, nasi tukamweleza yote tuliyoyaona. Tulipofika Nyahanga tukawauliza wanafunzi, "Ni nani kati yenu ajuaye kuezeka msonge?" Hakuna aliyeinua mkono. Nasi walimu hatukuinua. Watemi wa nchi yetu waliondolewa madaraka mwaka 1963, na siku hizi nyumba zetu ni za bati. Hatusemi kwamba bati ni baya, maana halivuji na haliogopi cheche. Lakini wazee wajuao kuchagua nyasi, kufunga fito na kupinda paa wangaliko, nao wanapungua.

Basi, wanafunzi, mkitoka hapa msikilizapo, nendeni kwa babu zenu mkaulize. Chukueni na daftari. Tena mwombeni mzee awashike mikono, kwa kuwa kazi hii haijifunzwi kwa masikio tu. Kwaherini.