Mgonjwa Naye Ana Kinywa

Mwezi Januari mwaka 2025 Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha tiba mpya 14 ziingizwe katika bima ya afya ya jamii, ile ambayo sote tunaiita mituweli. Miongoni mwake zimo kusafishwa damu kwa mashine kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi, kupandikizwa figo, upasuaji wa moyo na matibabu ya saratani. Hayo ni maradhi ambayo zamani yalimfilisi mtu kabla ya kumwua. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, nayo ilistahili furaha hiyo.

Hata hivyo, yafaa tujiulize: mituweli humfikisha mgonjwa wapi? Humfikisha mbele ya daktari. Akiisha kuketi pale, mituweli haimsemei. Haiwezi kuuliza jina la ugonjwa. Haiwezi kumkumbusha mwuguzi kwamba mtu huyu huvimba uso akinywa dawa fulani. Haiwezi kusema kwamba maelezo yaliyotolewa hayakueleweka. Hayo yote hayana budi kusemwa na mgonjwa mwenyewe, au na jamaa aliyemsindikiza. Na hapo ndipo wengi wetu tunapokuwa mabubu.

Kabla ya kulaumiana, tukumbuke tulikotoka. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, hospitali zilikuwa zimeporwa, na waganga wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Mwaka 1996 wananchi walianza tena kutozwa fedha za matibabu, na wale ambao hawakuwa nazo wakabaki nyumbani na maradhi yao. Mwaka 1999 mituweli ikajaribiwa katika maeneo matatu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Jaribio likaenea nchi nzima, likapata sheria yake mwaka 2007, na mwaka 2015 usimamizi wake ukakabidhiwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Matunda yake yanahesabika. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba akina mama 1,071 walikuwa wakifariki kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 203. Kati ya kila wazazi 100, wapatao 93 sasa walikuwa wakijifungulia katika vituo vya afya na hospitali.

Kwa hiyo mlango umekwisha kufunguliwa. Kazi iliyobaki ni ya mle ndani.

Hapa kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa muganga, na muganga huheshimiwa. Heshima hiyo ni mali yetu, wala hakuna anayetaka tuitupe. Lakini heshima ikigeuka kuwa woga, huzaa madhara. Mwenye shinikizo la damu hupewa vidonge vya mwezi mmoja. Haulizi, na katika haraka ya foleni haambiwi, kwamba dawa hiyo ni ya kunywa siku zote. Kichwa kikiacha kuuma, huacha vidonge. Miezi michache baadaye hurudishwa amebebwa, upande mmoja wa mwili umepooza. Mama hupewa karatasi atie dole gumba kabla ya kupasuliwa. Karatasi ina lugha asiyoijua, naye huona haya kuomba asomewe. Mzee huvuka vilima mpaka hospitali ya wilaya bila karatasi ya rufaa kutoka kituo chake cha afya, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba bila karatasi hiyo mituweli haitamlipia. Katika mambo hayo matatu hakuna tiba iliyokosekana. Kilichokosekana ni swali moja na jibu moja.

Jambo hili si la Rwanda peke yake. Majirani zetu wamelifikisha mpaka mahakamani. Mwaka 2010, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani jijini Nairobi, wanawake wawili walizuiliwa baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipia. Mmoja wao alilala sakafuni na mtoto wake mchanga. Wanawake hao hawakunyamaza. Tarehe 17 Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao, na ikaamuru walipwe fidia. Nchini Uganda, jamaa za wanawake wawili waliofariki wakati wa kujifungua katika hospitali za serikali, wakisaidiwa na chama cha kutetea haki za afya, walifungua shauri mwaka 2011. Mara ya kwanza waliambiwa kwamba hayo ni mambo ya siasa, si ya mahakama. Walikata rufaa, wakashinda haki ya kusikilizwa, na mwezi Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali ilikuwa imeshindwa kutimiza wajibu wake kwa akina mama hao. Miaka tisa ya kusubiri ni mirefu. Na waliokufa hawakurudi.

Ndiyo maana ni heri mgonjwa asikilizwe kitandani kuliko jamaa zake kusikilizwa mahakamani.

Sheria, kwa upande wake, haiko kimya. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inasema katika ibara ya 21 kwamba Wanyarwanda wote wana haki ya kuwa na afya njema. Ibara ya 14 inalinda mwili na akili ya kila mtu, na inakataza mtu kufanyiwa majaribio bila ridhaa yake. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya ya huduma za afya. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu. Haki ambayo mwenyewe haijui ni kama shamba ambalo mrithi hajui mipaka yake: wengine hulima, yeye hutazama.

Lugha nayo ni sehemu ya tiba. Madaktari wetu wamesomea kazi yao kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa walio wengi huumwa kwa Kinyarwanda. Tangu mwaka 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi hii, na hapa Kigali, hasa Nyamirambo, wako watu wanaokitumia kila siku. Daktari aandike kumbukumbu zake kwa lugha ya kazi yake, hilo halina ubaya. Lakini anapomgeukia mgonjwa, hana budi kusema kwa lugha ya mgonjwa, kisha amwombe arudie alichokisikia. Maelezo yasiyoeleweka ni sawa na dawa iliyomwagwa.

Lazima pia tuwatendee haki wahudumu wetu. Mwuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni tangu alfajiri hana dakika nyingi za kumpa kila mtu. Serikali ililikiri jambo hilo, na mwaka 2023 ilianzisha mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne. Basi, anayeuliza asiulize kwa ukali wala kwa kumshuku muganga. Swali lililo wazi humsaidia hata mwuguzi, kwa maana mgonjwa aliyeelewa mara ya kwanza hatarudi mara ya tatu kwa jambo lile lile.

Aidha, tunao wasemaji ambao nchi nyingi hazina. Katika kila kijiji cha Rwanda wako wale tunaowaita abajyanama b'ubuzima, yaani washauri wa afya. Kazi yao ilianza mwaka 1995. Hawaletwi na wizara kutoka mbali. Huchaguliwa na wanakijiji wenyewe, nao ni jirani zao. Wamefundishwa kupima malaria, kuwatunza watoto wadogo na kuwafuatilia wajawazito. Tumezoea kuwaona kama wapeleka habari: wao huambiwa na kituo cha afya, nao hutuambia sisi. Sasa habari iende pande zote mbili. Mama aliyetukanwa wakati wa uchungu, au mgonjwa aliyekosa dawa mara mbili mfululizo, na amweleze mshauri wake, na mshauri alifikishe jambo hilo kwa mkuu wa kituo, na katika mkutano wa wananchi. Mshauri aliyechaguliwa na watu ana wajibu wa kuwasemea watu.

Ndugu msikilizaji, siku utakapokwenda kutibiwa, au kumsindikiza mzazi wako, shika maswali manne. Ninaumwa nini? Dawa hii ni ya kazi gani, niinywe vipi na mpaka lini, na yaweza kunidhuru namna gani? Je, iko njia nyingine ya kunitibu? Na gharama ni kiasi gani, mituweli italipa kipi na mimi nitalipa kipi? Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Kama mwili wako unakataa dawa fulani, sema kabla ya sindano, si baada yake. Na ukiombwa kutia sahihi, omba kwanza usomewe.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Na wazee wa nchi hii wana msemo wao: amagara araseseka ntayorwa. Maana yake, uhai ukimwagika hauzoleki. Anayechukua chombo chenye kitu cha namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa kuuliza njia.